Upande wa Chini wa Shuka

Wifi yangu walimwita Mama Kanuni. Jina hilo hakulipenda, lakini alilistahili. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na mimi nilipoolewa nilimkuta ameshaota mizizi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, akiwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Yeye ndiye aliyeniambia kuna kibarua pale. Mtu mwingine angenong'ona na msimamizi pembeni, mambo yakaisha siku hiyohiyo. Wifi alinipanga foleni ya wakala wa vibarua getini pamoja na wengine, nikapigwa na jua wiki nzima, eti ndiyo haki. Nilimchukia kidogo wiki ile. Mume wangu akaniambia, "Mzoee tu. Dada ndivyo alivyo. Hata mama akimtuma dukani alikuwa anauliza kwa nini yeye na si mwingine."

Kazi yetu ni hivi. Mashuka machafu yanaletwa kutoka wodini kwa toroli, yamefungwa kwenye mifuko ya turubai. Kabla hayajaingia kwenye mashine lazima yachambuliwe mezani, yenye damu huku, yenye mkojo kule, mablanketi pembeni. Shuka moja linashikwa na watu wawili. Mmoja anashika ncha za juu, mwenzake ncha za chini, linakung'utwa, na kilichomo kinaanguka mezani: pamba, kijiko, siku nyingine meno ya bandia ya mzee wa watu, siku nyingine sindano. Sindano ndiyo balaa letu. Nesi anamchoma mgonjwa, anaitwa kitanda cha pili, sindano inasahaulika, inakunjwa na shuka mpaka kwetu. Na si zote zinazoanguka. Nyingine imejishona kwenye kitambaa, unaikuta kwa kidole.

Upande wa juu wa shuka hushikwa na mfanyakazi wa kudumu, wa chini hushikwa na kibarua. Hakuna mtu aliyetunga sheria hiyo, ni mazoea tu. Muhuri wa wodi uko juu, kwa hiyo wa kudumu ndiye anayesoma na kusema shuka liende wapi, kibarua anafuata. Mimi nilikuwa chini, na juu ya shuka langu alikuwa wifi. Siku nzima tunatazamana, shuka katikati. Wanawake wengine hata shughuli moja ya familia inawashinda kukaa na mawifi zao, sembuse mimi niliyekuwa naye kuanzia asubuhi mpaka jioni, na Jumapili anakuja kula.

Kila mwisho wa mwezi chama kilikutana kwenye bwalo, na wifi alifungua kikao kwa kusoma kanuni. Alizijua kwa moyo, lakini karatasi aliishika kwa heshima kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Kila afanyaye kazi ni mtu kamili. Kila mtu kamili anastahili kulindwa. Hakuna wa ndani wala wa nje. Watu walinyoosha mikono kukubali, wengine wakiwa wameshafumba macho. Sisi vibarua hatukuwa wanachama, hatukuruhusiwa kuingia, tulisikilizia dirishani. Na msimamizi naye alikuwa ananyoosha mkono. Nilimwuliza wifi, neno ambalo wewe unalikubali na anayekukandamiza naye analikubali, kisha mnakwenda kunywa chai pamoja, neno hilo lina kazi gani?

"Lina kazi ya kukaa pale mpaka litakapohitajika," akasema.

"Hata sweta linakaa kabatini hivyohivyo," nikamwambia, "mpaka linaliwa na nondo."

Akacheka, lakini naona lilimgusa, maana wiki nzima hakunitania.

Ndipo akaja yule tuliyemwita Mratibu. Msichana mwembamba kutoka jumuiya moja ya kutetea wafanyakazi, begi mgongoni kubwa kuliko yeye, macho mekundu ya kukosa usingizi. Usije ukafikiri nitamsema vibaya. Alikaa kwenye chumba chetu siku kadhaa, akapumua mvuke wetu, akafunga magunia na sisi. Halafu akaja na fulana za manjano zilizoandikwa kifuani GLAVU SASA. Basi hapo ndipo watu walipofumbua macho. Wale waliokuwa wakisinzia bwaloni sasa wanaimba koridoni. Fundi wa boila, bwana ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "sogea", alisimama juu ya benchi akahutubia. Alikuwa amewahi kuchomwa akisaidia kubeba magunia, akakaa miezi bila amani, mkewe hamwangalii.

Mimi sikushangaa sana, maana nyumbani kwangu mambo yalikuwa yaleyale. Mume wangu analinda uwanja wa mpira, ana fulana ya UWANJA HAUUZWI. Binti yangu yuko chuo, fulana yake inadai taa kwenye njia ya kwenda bwenini. Mama mkwe alikoswakoswa na gari, naye akapewa fulana ya kudai kivuko. Ukimwuliza mume wangu anaamini nini katika maisha haya, anakwambia uwanja. Zamani baba yake alikuwa na majibu marefu, anataja wakulima, anataja binadamu wote, anataja historia, na chai inapoa. Hawa wa sasa kila mmoja ana jambo lake moja, na jambo likiisha fulana inakuwa tambara. Tangu hapo sijanunua tambara la kudekia.

Ombi la glavu halikuweza kwenda kwa wakubwa bila sahihi ya mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa hataki kutia sahihi. Mratibu akamfuata nyumbani kwake, chumba kimoja cha uani, wao wamekaa kitandani, mimi kwenye kigoda nachemsha chai.

"Humu wametajwa wafanyakazi wa kudumu tu," wifi akasema. "Vibarua wako wapi?"

"Mama, vibarua ni wa wakala aliyewaleta. Nikiwaingiza, hospitali itasema kaongeeni na wakala, wakala atasema kaongeeni na hospitali, na glavu hazitakuja kwa mtu yeyote. Tuanze na hawa. Vibarua watakuwa jambo linalofuata."

"Kanuni inasema hakuna wa ndani wala wa nje."

Mratibu akajisugua macho. "Mama, mimi nilianza kama wewe. Nilikwenda kwa wafadhili na neno utu. Wakaniuliza utu unapimwaje, utakamilika lini, na tutaupiga picha vipi. Nikarudi na neno glavu, wakaniuliza jozi ngapi."

"Hao ni wafadhili. Na wafanyakazi?"

"Wafanyakazi ndio kabisa. Waite waje kupigania heshima, utakuja wewe na mlinzi mwenye ufunguo wa bwalo. Waite kwa ajili ya glavu, viti havitoshi. Mtu haamki asubuhi akaona heshima haipo mezani. Glavu anaona hazipo. Na zikija, atajua tumeshinda. Hayo mengine unapigania mpaka unazikwa, na hujui ulishinda au ulishindwa. Wazee wetu waliimbiwa maneno makubwa, wakapiga makofi, walioimba wakajijengea maghorofa. Sasa mtu anasema nipe kitu nikishike mkononi. Utamlaumu?"

Wifi hakumlaumu. Alikunywa chai yake polepole. "Zikipatikana, ninyi mnakwenda wapi?"

"Kwenye jambo jingine."

"Na sisi tunabaki na nini?"

"Na glavu, mama," Mratibu akasema, na hakuwa anafanya mzaha.

Wifi akanigeukia mimi. Sikutaka aniangalie. Nilijua uzito uliokuwa mbele yake. Akikataa, wenzake wote wanaendelea kuchomwa kwa ajili ya neno. Akikubali, mke wa mdogo wake anabaki mikono mitupu upande wa chini wa shuka lake mwenyewe. Nikamwambia, "Tia sahihi, wifi. Bora apone mmoja wetu." Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni nilikuwa na kinyongo, na mpaka leo sioni kwa nini nisingekuwa nacho.

Akatia sahihi. Mkono wake ulikuwa mzito, akaandika jina kama anayejifunza.

Glavu zikaja kweli. Za mpira mnene, rangi ya buluu, kila jozi imeandikwa namba ya mwenye nayo. Watu walizibusu. Asubuhi ile wifi akavaa zake, akasimama juu, mimi nikashika ncha zangu za chini. Shuka likakaa hapo katikati, halikung'utwi. Alikuwa ananitazama tu. Halafu akavua ya kushoto, akanirushia juu ya meza.

"Vaa."

"Wifi, mimi natumia kulia."

"Utazoea."

Tukabuni namna yetu. Mkono wenye glavu unatangulia, unapapasa, mkono mtupu unakuja nyuma kushika. Kazi ikawa ya konokono. Msimamizi alinung'unika kwamba meza yetu inachelewesha mashine. Watu wa meza za jirani walitucheka, wakasema ukoo huu una wazimu wa kurithi. Mwanamke mmoja aliniambia kwa upole kwamba naye alifikiria kugawana na kibarua wake, lakini ana watoto wadogo. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe sijui kama ningekuwa juu ningevua.

Siku ya picha ndiyo iliyoharibu. Wafadhili walimtuma mpiga picha, Mratibu akaja mbio kutupanga. Wa kudumu wote watoke uani penye mwanga, wanyooshe mikono yote miwili juu. Wifi akatoka na glavu moja. Mratibu akamvuta mpaka mlangoni, karibu na meza, nikasikia.

"Mama, nakuomba. Wewe ndiye mwenyekiti, utakuwa katikati. Ukionekana na moja watasema fedha zao zimeliwa. Na nataka kuwaombea vibarua baada ya hapa. Nitaombaje na picha kama hiyo?"

Wifi akaitazama ile glavu yake moja. Maneno ya yule msichana yalikuwa na maana, ndiyo shida ya maneno yake siku zote. Nikaona namchosha mtu mzima bure. Nikavua ile ya kushoto, nikampa. "Nenda ukapigwe picha wifi, usije ukatoka umenuna."

Wakatoka. Toroli la wodi ya upasuaji likaingia, na toroli halisubiri mtu. Kibarua akikutwa amekaa anamwaga unga siku hiyohiyo, wapo wengi getini. Nikaanza kuchambua peke yangu, naburuta shuka kwa upande mmoja. Nje nawasikia wanahesabiwa ili watabasamu. Kidole cha kati kikahisi kitu kama siafu. Nikatazama, sindano imesimama, imejishona kwenye pindo la chini, pale ambapo ni mahali pangu pa kushika.

Niliketi juu ya magunia. Sikupiga kelele. Nilimfikiria binti yangu, nikafikiria jinsi nitakavyomwambia mume wangu, nikafikiria kitanda chetu.

Wifi akarudi bado amevaa zote mbili. Aliponiona hakuuliza nini, aliuliza, "Kipi?" Nikamwonyesha. Akanipeleka bombani, akanisafisha kidole kwa sabuni muda mrefu, kisha akanishika mkono mpaka kwenye dirisha la kliniki ya watumishi. Kuna vidonge vya kukinga virusi, ukivianza mapema unapona, kila mtu wa pale anajua.

"Kitambulisho," nesi akasema.

"Ni kibarua," wifi akasema. "Amechomwa sasa hivi, kwenye meza yangu."

Nesi hakuwa mkali, alikuwa amechoka kama sisi. "Mama, vidonge hivi kila dozi ina jina la mtumishi. Kibarua anatibiwa na wakala wake. Mimi nikitoa, nitaulizwa."

Ofisi ya wakala iko mwisho wa mji, na yule bwana hata mshahara wetu haupatikani mpaka umwinde. Wifi akataja kanuni. Nilimsikia kwa masikio yangu, pale dirishani, kila mtu kamili anastahili kulindwa. Nesi akasema, "Ni kweli mama." Alikubali kabisa, kama walivyokubali wote bwaloni miaka yote. Dirisha likabaki vilevile.

Hapo nikalia. Wifi akaniketisha kwenye benchi, akasimama mbele yangu, mgongo kwa watu. Akavua glavu. Akachomoa pini ya kilemba chake, akajichoma kidole cha kati, akakikamua mpaka damu ikatoka. Akarudi dirishani.

"Nimechomwa mimi," akasema.

Nesi alitazama kidole, akanitazama mimi kule kwenye benchi, akazitazama glavu za buluu. Nafikiri alielewa kila kitu.

"Glavu ulikuwa umezivua?"

"Nilizivua."

"Kwa sababu gani?"

"Uzembe."

Nesi akaandika. Mwanamke aliyenianika juani wiki nzima ili asinong'one na msimamizi alisimama pale akatoa kitambulisho chake, akatolewa damu yake, akapokea vidonge kwa jina lake. Kimoja nilikimeza palepale nyuma ya ukuta, kwa maji ya bomba.

Vidonge ni vya mwezi mzima. Kila jioni alikuja kwetu na kimoja kwenye karatasi, akasimama mlangoni. "Meza. Fungua mdomo nione." Nilikuwa natapika, natukana, namwambia siku hizi amekuwa nesi bila kusomea. Mume wangu tulimwambia. Jioni ileile akaenda kumshika dada yake miguu kama mtoto. Vipimo vyangu baadaye, ambavyo tulivilipia wenyewe mbali na pale, vilitoka salama, na cha marudio pia. Wifi aliposikia alikaa chini sakafuni akavua viatu. Nikamwuliza kama anajuta. Akasema, "Nimechoka, wifi yangu." Basi.

Lakini lile neno uzembe halikubaki dirishani. Lilipanda juu. Wakubwa walifurahi kulipata: tumewapa glavu, wanazivua. Jina lake likasomwa bwaloni mbele ya wote. Waliomkasirikia zaidi ni wenzake wa fulana za manjano. Fundi wa boila alimwambia usoni, "Sisi tumepigania kitu, wewe unakitia aibu." Angejieleza vidonge vingekatwa, na nesi angefukuzwa, kwa hiyo hakujieleza. Akavuliwa uenyekiti. Na pamoja na yote hayo, picha yake iko kwenye ukuta wa lango kuu, kubwa, katikati ya wenzake, mikono yote miwili juu. Amenuna.

Mratibu alikuja kutuaga. Alimwambia wifi kwamba ombi la vibarua alilipeleka, wafadhili wakasema safari hii wanashughulikia maji safi. Wifi akamfunga vizuri mkanda wa begi, akamwambia akalale.

Mwezi uliofuata bwalo lilijaa tena. Mwenyekiti mpya ni mama mmoja wa chumba cha pasi. Kanuni hazikusomwa, alisema zinakula muda. Akatangaza jambo jipya: viti. Watu wa pasi wanasimama siku nzima, miguu inavimba, chama kinadai viti. Shangwe ilikuwa kubwa, na mimi kule dirishani, nisiseme uongo, nilishangilia pia, maana miguu ile naijua. Wifi alikuwa safu ya nyuma kama mwanachama yeyote. Akanyoosha mkono, akasimama.

"Na vibarua watakaa wapi?"

Mwenyekiti akatabasamu kwa subira. "Dada yetu, hilo ni jambo jingine. Tuanze na hili. Keti tuendelee."

Kikao kikaendelea. Wakajadili viti vya mbao au vya plastiki, vyenye mgongo au visivyo na mgongo, na wakapiga kura. Wifi hakuketi. Magoti yake nayafahamu, mimi ndiye ninayemkanda Jumapili, na siku ile tulikuwa tumechambua matoroli ya wodi zote. Mtu wa jirani alimvuta nguo akamwonyesha kiti chake. Alibaki amesimama, mikono ameilaza tumboni, anatazama mbele, mpaka kikao kikaisha na watu wakatoka.